Shukrani kwa Mguu Uliokatwa

Caleb alikuwa anapiga pasi shati lake jeupe mama yake alipomwambia, bila kumtazama, kwamba leo Laban atasimama kanisani amwombe msamaha Injinia Frankline.

"Amwombe nini?"

"Msamaha. Kwa ile ndege." Mama Rispa alikuwa mbele ya kioo anajifunga kitambaa chake cha Jumapili. "Na amshukuru pia, maana Injinia alijitia hatarini ili amkwepe. Ni Laban mwenyewe aliyeomba nafasi, kwa hiyo usiniangalie hivyo. Shati linaungua."

Shati liliungua kweli. Doa la kahawia lilibaki mgongoni, na Caleb akalivaa hivyo hivyo, akatupia koti juu. Hasira ilikuwa imempanda hadi masikioni. Ubaya wake ni kwamba hakujua aanze na nani: Frankline, au yule kijana aliyemwona ndani ya kioo, nyuma ya bega la mama yake.

Mtaa wote wa Jericho ulikuwa unaijua habari ya ile ajali, na mtaa wote ulikuwa unaijua vibaya.

Frankline alikuwa mtoto wa hapa. Baba yake alikuwa na bucha Soko la Burma, na yeye mwenyewe alibeba mapaja ya ng'ombe mabegani kabla hajabeba vyeti. Sasa alikuwa na kampuni ya kuchimba visima, na ndege yake mwenyewe ya injini moja na viti vinne, aliyoiweka kwenye kiwanja cha watu binafsi huko mbele ya Njiru. Mabati mapya ya kanisa yalikuwa yake. Alipopata leseni ya urubani, kanisa lilimwekea mikono. Alipomwajiri Caleb kutunza kiwanja na Laban kukata nyasi, watu walisema, mnaona mtu asiyesahau kwao?

Kazi ya Caleb ilikuwa kukaa kibandani na redio, kuangalia soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti, na kumwambia rubani upepo unatoka wapi. Ndege ikishatua, ukurasa wa siku ile katika daftari la kiwanja ulitakiwa kuandikwa saa, upepo, na lolote lililotokea, kisha mtunza kiwanja atie sahihi chini. Lakini Frankline hakuwa mtu wa kungoja. Akishuka tu alitaka daftari aliandike mwenyewe, wima, ufunguo wa gari mkononi, aondoke. Basi kila Ijumaa jioni Caleb aliketi akaandika tarehe za wiki inayokuja, Jumatatu hadi Jumapili, na kutia sahihi kurasa zote saba, zikiwa tupu. Alifanya hivyo mwaka mzima. Aliona anarahisisha kazi. Alijiona hodari, hata.

Kisha ikaja Alhamisi, wiki sita zilizopita. Upepo uligeuka saa tisa alasiri, soksi ikajaa na kuelekea kule kule ndege ilikokuwa inaelekea.

"Injinia, upepo umegeuka," Caleb alisema redioni. "Uko nyuma yako, na una nguvu. Zunguka uje na upande wa pili."

"Nimeshajipanga."

"Uko juu sana, Injinia, na kasi ni nyingi. Inua pua, zunguka tena."

"Kijana, nina wageni wanangoja chakula. Natua."

Ndege yenye upepo mgongoni haikubali kukaa chini. Iliteleza juu ya njia ya kutulia ikiwa karibu kugusa, haigusi, haigusi, mpaka ilipopita nusu ndipo magurudumu yakapiga udongo. Ikadunda. Ikapiga tena, ikadunda tena. Iliposhika ardhi hakukuwa na ardhi ya kutosha tena. Mwisho wa njia palikuwa na mstari wa mawe yaliyopakwa rangi nyeupe, na mkata nyasi alikuwa na sheria moja: ukisikia ndege, nenda nyuma ya mawe ukae. Laban alikuwa nyuma ya mawe, hatua thelathini nzima, amechuchumaa anajimiminia chai. Ndege iliruka mawe, gurudumu la mbele likavunjika, na gurudumu la kushoto likampata.

Caleb alikimbia. Alifungua mshipi wa suruali yake akamfunga Laban paja, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Alipoinua kichwa kutafuta msaada alimwona Frankline, mkwaruzo mmoja kwenye paji la uso, anatembea kwenda kibandani. Alidhani anakwenda kutafuta sanduku la huduma ya kwanza.

Alikwenda kuandika. Caleb alikuwa bado ameishika damu ya mtu kwa mikono miwili, na huko kibandani ukurasa wa Alhamisi, wenye sahihi yake tayari, ulikuwa unajazwa: *Mkata nyasi aliingia katikati ya njia ndege ikitua. Rubani alimkwepa ili kumwokoa, ndipo ndege ikatoka nje.* Usiku ule mvua ilinyesha, ikaosha alama zote za magurudumu.

Wachunguzi walikuja asubuhi, wakapiga picha ya ukurasa. Mmoja alimuuliza Caleb, "Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Una la kuongeza?"

Frankline alikuwa amesimama nyuma ya yule afisa. Huyo ndiye ambaye angemwandikia Caleb barua ya kuthibitisha muda wake wa kazi, ile barua aliyoihitaji ili afanye mtihani wa ufundi wa ndege. Macho yao yalikutana.

"Hapana," Caleb alisema.

Maneno mawili tu, na kwa maneno hayo mawili Laban, aliyekatwa mguu juu ya goti Ijumaa ile ile, akawa ndiye aliyesababisha.

* * *

"Hicho kwenye koti ni nini?" Mama Rispa aliuliza walipofika karibu na lango la kanisa.

"Daftari la kiwanja."

Alikuwa amelichukua kibandani jana, maana ufunguo ulikuwa bado kwake. Usiku kucha hakuwa ameamua kama atalipeleka kwa wachunguzi, ambao walikuwa wanafunga ripoti Jumatano, au kama atalichoma jikoni.

Mama yake alisimama. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa, mjane wa karani wa baraza la jiji, na katika kanisa lile alikuwa na mamlaka ambayo hata Pasta Mulongo hakuwa nayo. Yeye ndiye mwanzishaji wa mapambio. Mtu akishuhudia mpaka akarefusha, au akaanza kutaja majirani kwa majina, pasta alikuna sikio la kulia, na Mama Rispa akaanzisha pambio. Watu walisimama wakapiga makofi, na msemaji akabaki anafungua mdomo kama samaki mpaka akaketi. Hakuna aliyewahi kulishinda pambio la Mama Rispa.

"Ukisimama leo, nitaimba," alisema.

"Unajua ninachotaka kusema?"

"Sitaki kujua. Una mtihani Novemba. Nitaimba, Caleb, na wewe unanijua."

Kanisa lilikuwa limejaa. Laban alikuwa benchi la pili, pembeni, magongo yake yamelazwa sakafuni, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kushikizwa kwa pini. Kabla ya ajali alikuwa mpiga ngoma wa kwaya. Leo ngoma ilipigwa na mwingine, vibaya. Mkewe, Nafula, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Jacky, alikaa wima kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Caleb hakuwa amewasalimia tangu Laban atoke hospitali. Siku kumi alikuwa anapitia nyuma ya vyoo ili asipite mlangoni kwao.

Frankline alishuhudia kwanza. Alivaa suti ya kijivu, akashika kipaza sauti kama mtu aliyezaliwa nacho.

"Bwana asifiwe!"

"Amen!"

"Bwana asifiwe tena! Ndugu zangu, mimi leo ningekuwa picha ukutani. Adui alimchukua ndugu yangu Laban, simlaumu, ni adui, akamweka katikati ya njia. Nikaona ni mimi au ni yeye. Nikasema, Bwana, na iwe mimi. Nikageuza usukani!"

"Kumbe ndege ina usukani?" mzee mmoja nyuma alinong'ona.

"Nyamaza wewe, hujawahi hata kupanda lifti," mwenzake akamjibu.

Akina mama walipiga vigelegele. Pasta Mulongo akasema, "Mnaona upendo! Sasa Baba Jacky ana neno. Msaidieni asimame."

Laban hakutaka kusaidiwa. Aliokota gongo moja, akaokota la pili, akajiinua, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Bwana asifiwe," alisema polepole. "Mimi siku ile siikumbuki. Nakumbuka chai. Nakumbuka nilifungua chupa, kisha nakumbuka dari ya hospitali. Lakini nimesomewa ile karatasi. Inasema nilikuwa njiani. Nimejiuliza kila siku, Laban, ulikwenda kutafuta nini njiani? Sijui. Lakini kama nilikuwa njiani, basi nimevunja ndege ya mtu aliyenipa kazi, na nusura nimuue. Kwa hiyo, Injinia, mbele ya kanisa hili, mimi nakuomba..."

Frankline alikuwa tayari amesimama, mikono imenyooshwa, uso umelainika kwa huruma. Ni ule uso uliomkata Caleb. Mtu yule alikuwa anajiandaa kusamehe.

"Bwana asifiwe!" Caleb alipaza sauti kutoka benchi la saba.

"Amen," kanisa likajibu kwa mazoea, ndipo vichwa vikageuka.

"Ndugu Caleb," pasta akasema, "zamu yako itafika."

"Imefika, Pasta. Baba Jacky, usimwombe huyu mtu kitu chochote. Hukuwa njiani."

Pasta akakuna sikio.

Sauti ya Mama Rispa ilipanda kama king'ora. Kanisa likasimama, makofi yakashika, ngoma ikafuata. Caleb aliendelea kusema lakini hata yeye hakujisikia. Alijua la kufanya: kila mtu aliyeimbiwa alijua la kufanya. Hakuketi. Alisimama ameshika daftari kifuani mpaka pambio likaisha, akafungua mdomo, na mama yake akaanzisha la pili bila hata kupumua. Alikuwa anaimba huku anamwangalia mwanawe, macho yamejaa maji, na sauti haikutetemeka hata kidogo.

Katikati ya ubeti Laban aliinua gongo na kulipiga benchi. Alipiga mara moja, mpiga ngoma akakosea. Akapiga tena, na tena, kwa mkono ule ule uliokuwa ukiendesha kwaya nzima, mapigo mazito yasiyofuata wimbo wa mtu yeyote, mpaka makofi yakavunjika na kanisa likanyamaza vipande vipande.

"Mguu ni wangu!" alifoka. "Nimeimbiwa vya kutosha hospitalini. Nataka kusikia. Sema, kijana. Nilikuwa wapi?"

"Nyuma ya mawe. Hatua thelathini. Nilizihesabu baadaye kwa miguu yangu. Ndege ilikuja na upepo mgongoni, nikamwambia azunguke, nikamwambia mara mbili. Akasema ana wageni. Ilitumia njia yote ikaisha, ikakufuata ulikokaa. Hakukwepa mtu, Baba Jacky. Hakukuona hata."

Guno lilipita kanisani. Frankline hakukasirika, au hakuonyesha. Alitabasamu kama mtu anayemvumilia mtoto wa watu.

"Wapendwa, huyu kijana nilimtoa kwenye vibarua," alisema. "Nilimshika mkono. Leo ameamua kunirudishia hivi. Sawa. Mimi nina swali moja tu. Caleb, ukurasa wa siku ile una sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Afisa alikuuliza kama ni yako?"

"Aliniuliza."

"Ukasema?"

"Nikasema ndiyo."

"Basi ulidanganya serikali, au unadanganya kanisa. Chagua."

Mtu mmoja akacheka. Pasta akakuna sikio tena, kwa nguvu, karibu alitoe damu. Lakini Mama Rispa alikuwa ameketi na kuangalia viatu vyake.

"Nilidanganya serikali," Caleb alisema. "Nilikuogopa wewe na barua yako. Sasa hiyo barua kaa nayo. Na swali lako lina jibu lingine." Alitoka kwenye benchi, akapita katikati ya watu. Hakumpa pasta daftari. Alimpa Nafula. "Mama Jacky, tafuta Alhamisi. Soma jina langu chini. Kisha funua mbele."

Nafula alilichukua bila kumwangalia. Alifunua kwa kidole kilicholowa mate, kama anavyofunua kitabu cha nyimbo.

"Alhamisi," alisoma. "Maneno kwa wino mweusi. Sahihi kwa bluu." Akafunua. "Ijumaa. Hakuna maneno. Sahihi ya bluu." Akafunua tena, polepole zaidi. "Jumamosi. Tupu. Sahihi." Akainua uso. "Ijumaa ile kiwanja kilikuwa wazi?"

"Kilifungwa. Kilifungwa wiki mbili. Mimi mwenyewe Ijumaa nilikuwa na wachunguzi, Jumamosi nilikuwa hapa mtaani."

"Sasa hizi sahihi ulitia lini?"

"Ijumaa ya wiki iliyotangulia. Nilikuwa natia zote mapema, kurasa tupu, ili yeye asingoje. Mwaka mzima. Ukurasa wa mguu wa mumeo niliutia sahihi siku sita kabla mguu haujavunjika."

Hapo ndipo kanisa lilipoelewa, si kwa pamoja, bali benchi kwa benchi. Mzee wa nyuma alisema kwa sauti ya kawaida, "Kumbe Injinia alikuwa anatiliwa sahihi hundi tupu," na mara hii hakuna aliyemnyamazisha.

"Wewe unajua umejimaliza?" Frankline alimwambia Caleb. Tabasamu lilikuwa limekwisha. "Kurasa tupu! Hakuna mtu atakupa hata baiskeli utengeneze."

"Najua."

"Mimi sikuja hapa kuhukumiwa na watoto." Alichukua simu yake kwenye kiti na kuelekea mlangoni. Wazee watatu wa kamati ya ujenzi wakamfuata, mmoja akigeuka kuyatazama mabati juu, kama anayeyaaga. Gari likaunguruma nje.

Pasta Mulongo alijifuta uso. Alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaishe vizuri kabla ya sadaka. Alishuka madhabahuni, akamshika Caleb mkono, akamvuta hadi kwa Laban.

"Kijana ameungama," alisema. "Baba Jacky, mpe mkono. Mwambie umemsamehe, tufunge kwa maombi."

Laban aliuangalia mkono ule. Ulikuwa bado na kovu kwenye kiganja, pale mshipi ulipouchubua.

"Pasta," alisema, "mimi asubuhi hii nimevalishwa tai nije kuomba msamaha kwa mguu wangu mwenyewe. Msamaha wa leo umeisha. Sina wa kumpa mtu."

"Ndugu yangu, ukristo..."

"Wiki sita!" Sauti yake ilipasuka. "Wiki sita nalala najiuliza mimi ni mwendawazimu, nilikwenda kufanya nini njiani. Nimemuuliza mke wangu kama nilikuwa nakunywa pombe kwa siri. Mwanangu ananiuliza, baba, kwa nini ulikimbilia ndege? Na huyu alikuwa anajua. Analala nyumba ya nne kutoka kwangu, na anajua. Huyo mwenye ndege alinichukua mguu. Huyu alinichukua akili."

Caleb alikuwa na maneno, aliyapanga usiku kucha, mengine mazuri kabisa. Hakuna hata moja lililokuwa na kazi pale.

"Kesho saa mbili," Laban alisema. "Ofisini kwa wachunguzi. Utayasema yote uliyosema hapa, na lile la kurasa tupu ulitangulize, wasije wakalivumbua wao. Mimi nitakaa kwenye kiti nikuangalie."

"Nitakuja kukuchukua, Baba Jacky. Nitakubebea..."

"Hutanibebea kitu."

Akageuka juu ya magongo, akaanza safari ya kwenda mlangoni. Watu walimfungulia njia. Mama Rispa alisimama alipopita, akavuta benchi kumpisha.

Nafula alibaki nyuma kidogo. Alilifunga daftari, akalifunika kwa leso, akalitia ndani kabisa ya kikapu chake, chini ya Biblia. Caleb alinyoosha mkono.

"Nitalihitaji kesho, Mama Jacky."

"Litakuwepo kesho. Leo linalala kwangu." Alining'iniza kikapu kwenye kiwiko na kumtazama kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile. "Nani ajuaye, pengine ukifika nyumbani mwenye ndege atakupigia simu, akuulize kama kweli una la kuongeza."

Alimfuata mumewe nje. Caleb alitaka kumwapia kwamba haitakuwa hivyo, akatafuta ndani yake kitu cha kuapia ambacho mwanamke yule angekiamini, akakikosa, akabaki amesimama katikati ya kanisa, watu wakimpita kushoto na kulia kwenda majumbani kwao.